Kikoa cha Alhamisi

Neno lile nililileta mimi, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Kabla yangu hakuna mtu kijijini kwetu Marangu aliyekuwa amelisikia. Nililiokota Tanga, nilikopelekwa kusomea ualimu mwaka 1978, binti wa mlimani asiyejua hata kukuna nazi. Tulikuwa wasichana sita chumba kimoja, na chakula cha chuo kilikuwa hakiliki. Wenzangu wa pwani wakaniambia, "Evelyn, sisi tunakula kikoa. Wewe zamu yako Jumatatu." Nilidhani kikoa ni aina ya mboga.

Kumbe ni kula pamoja kwa zamu. Leo unapika wewe, sote tunakula kwako. Kesho napika mimi, sote mnakula kwangu. Mimi ni mtu wa kuchokonoa maneno, na hili nililichokonoa hadi wenzangu wakachoka. Karamu nilijua ilikotoka: ni ya Waarabu, ndugu yake ukarimu na takrima. Lakini itazame karamu vizuri. Karamu ina mwenyewe. Yeye anatoa, nyinyi mnapokea, na mkiondoka mnamsifu njia nzima. Kikoa hakina mwenyewe, kila mtu ni mgeni na kila mtu ni mwenyeji, ni suala la siku tu. Asili ya neno sikuipata. Nilimuuliza mpishi wa chuo, mzee wa pale pale, akacheka akasema wao wamezaliwa wakalikuta, na wengine hulitumia hata kwa kazi ya kusaidiana, si kwa chakula peke yake.

Mzee yule aliniambia na jambo lingine ambalo wakati ule sikulijali. Mtu akiacha zamu yake amejitoa mwenyewe. Lakini siku yake ikifika, amepika, na wenzake wasiende, huyo ametolewa, na watoto wake wametolewa pamoja naye.

Nimeanza na neno kwa sababu ya ualimu wangu, lakini habari yenyewe ni ya Yuditha, jirani yangu, na ya miezi niliyoishi kwa hofu mpaka nikajichukia.

Yuditha aliolewa kwetu mwaka 1982 akitokea Kilema, kwa Wakatoliki, akajikuta katikati ya Walutheri. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye hasira za karibu. Kwaya aliimba sauti ya pili, vibaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mumewe Efraimu alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Kituo chake Himo, safari zake Zambia. Kwa hiyo kihamba, shamba la ukoo wa mume, alikibeba Yuditha mwenyewe: kahawa, migomba, ng'ombe mmoja wa kukatiwa majani. Bei ya kahawa ilipoanguka alikuwa mwanamke wa kwanza kung'oa mistari mitatu ya mibuni akapanda nyanya, na shemeji zake wakasema amechimbua kaburi la baba yao. Aliwajibu kwamba baba yao angekuwa hai angekula nyanya. Wakati wa mavuno ya mpunga alishuka Chekereni akafanya kibarua kwenye majaruba, maji hadi magotini, akarudi na gunia la mchele na miguu iliyovimba. Hakuwa mtu wa ajabu. Wanawake wa aina yake mlima huu umejaa, na ndiyo maana haujaporomoka.

Mwaka 1989 ndipo nilipolitoa lile neno. Siku zile wanaume walikuwa wameteremka mjini kutafuta, bei ya kila kitu imepanda, na wanawake tulikuwa tunajipikia kila mmoja jikoni kwake, vibaya, wengine hawali kabisa ili watoto wale. Nikawaita majirani sita nikawaeleza kikoa. Kila Alhamisi mchana, nyumba moja, kwa mzunguko wa wiki saba. Bibi Eliona, mkubwa wetu, mkunga aliyetuzalisha karibu sote, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mae! Mwalimu," akasema, "mababu zetu walipokuwa wanachimba mfongo wa kuleta maji mashambani, kila nyumba ilipika pombe ya mbege kwa zamu. Unatuletea kitu chetu wenyewe umekivika kanga."

"Basi ni rahisi kukikubali, bibi," nikamwambia.

Wakakubali. Yuditha akaongeza kanuni moja ambayo mimi sikuwa nimeifikiria. Alisema kikoa kisiwe cha mama tu. Mtoto wa yeyote kati yetu akifika kwa mwingine ana njaa, siku yoyote, apakuliwe bila kuulizwa. Wakati huo binti yake Kindness alikuwa na miaka mitano na alikuwa mlafi, tukamcheka Yuditha kwamba anatafuta pa kumpunguzia mzigo.

Sasa lazima nieleze habari ya kata ya kunywea, maana bila hiyo asiye wa kwetu hataelewa tuliogopa nini. Kwetu hakuna kula pamoja bila mbege. Mchungaji anajua, na mchungaji ana adabu ya kutazama pembeni. Mbege hunywewa kwa kata moja ya kibuyu. Mwenyeji huchota, huonja mbele ya macho ya wote, humeza, ndipo humpa mkubwa wa pale, kisha kata huzunguka. Mwenyeji asipoonja hakuna atakayegusa. Hatusemi kwa nini. Tumekulia katika hadithi za watu waliokaribishwa vizuri, wakanywa, wakafia njiani, na kama ni za kweli au za kutisha watoto hakuna aliyetaka kuwa wa kujaribu.

Kwa miaka miwili kikoa kilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Tulinenepa. Tulisengenya, tulipatana, tuligombana kuhusu chumvi.

Mwishoni mwa 1991 Efraimu alirudishwa nyumbani na wenzake wa Himo, wamemlaza kwenye godoro nyuma ya gari. Alikuwa mtu wa kujaza mlango. Nilipokwenda kumwona sikumtambua hadi aliponiita. Aliumwa wiki tano. Watu walisema kifua, wakasema malaria imepanda kichwani, wakasema amerogwa na tajiri wake. Makaburini kila mtu alikuwa analijua jina la ugonjwa na hakuna aliyelitamka. Nilimtazama Yuditha akitupa udongo, na wazo lililonijia halikuwa la huruma. Nilijiuliza: na yeye je?

Mwaka mzima uliofuata alikuwa salama, nikaanza kujisahau. Mapema 1993 akaanza kukohoa. Kisha mifupa ya shingo ikatokeza. Kisha nywele zake, zilizokuwa ngumu, zikalala laini kama za mtoto mchanga. Hapo hofu ikaingia kwenye kikoa chetu na haikutoka.

Ilianza na mahali pa kukaa. Kata huzunguka kwa mpangilio wa kukaa, kwa hiyo anayekaa kabla ya Yuditha amenusurika na anayekaa baada yake hajui. Wanawake waliokuwa wakichelewa tangu 1989 wakaanza kuwahi. Mama Sylvanus, yaani Victoria, ambaye ni mnene na hapendi mwendo, nilimwona akikimbia kwenye matope ili aniwahi benchi. Na mimi nilikimbia. Tulifika tukihema, tukasalimiana kwa uchangamfu wa uongo, tukaketi. Yuditha hakuwa mjinga. Baada ya Alhamisi mbili akaanza kuchelewa makusudi, akawa anakaa mwisho kabisa, kwenye kigoda karibu na mlango, ambako kata ikimfikia hakuna wa kumpokea. Alitupunguzia tabu, nasi tukapokea bila hata kusema aika, yaani asante.

Mimi nilikuwa na karatasi za serikali. Ziliteremshwa kutoka wilayani tuwasomee watoto: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono, kwa kula pamoja, wala kwa kunywea chombo kimoja. Niliwasomea darasa la saba kwa sauti ya kuamini kabisa, nikawafanya warudie mara tatu. Kisha nilienda nyumbani nikasukutua kwa maji ya chumvi na kujitazama ulimi kwenye kioo cha Filemon, mume wangu. Nilikuwa nimeng'oa jino, shimo halijafunga. Kila nikilipitishia ulimi nilionja damu. Karatasi hazikusema chochote kuhusu mtu aliyeng'oa jino. Nilizisoma upya, mbele na nyuma, nikilitafuta jino langu.

Lakini siku za wengine tulikuwa na ule ujanja wa kukaa. Siku yake mwenyewe hakukuwa na ujanja. Siku yake angeonja yeye kwanza, na sisi sote sita tungekuwa baada yake.

Zamu yake iliangukia Alhamisi Kuu, watu tukaenda kanisani, kikoa hakikukaa. Tulimshukuru Mungu kwa sababu zisizo za dini. Zamu iliyofuata ilikuwa mwishoni mwa Mei, wakati wa masika, na kadiri ilivyokaribia ndivyo nilivyokosa usingizi na hamu ya chakula. Filemon aliona.

"Sikia, mwalimu wa watu," akaniambia siku moja akinoa panga lake la kukatia majani. "Una kidonda mdomoni. Ukinywa kwa yule mwanamke, kitanda changu ukisahau."

Nilifurahi moyoni kwamba amenikataza, maana sasa woga ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Jumapili kabla ya siku yenyewe tulijikuta watano nyuma ya kanisa, bila kuitana. Yuditha hakuwepo, wala Bibi Eliona. Victoria alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Tusiende," akasema. "Tuseme mvua."

"Tukisema mvua atajua," mwingine akasema.

"Twende tusinywe."

"Utakula kwa mtu ukatae mbege yake? Si bora umpige kofi."

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye mwenye kikoa. Na akili yangu, ambayo haikuwahi kunitupa, ikanipa jibu. "Kipindupindu," nikasema. "Redio imetangaza kiko bondeni. Tumpelekee habari kwamba kuanzia Alhamisi hii kila mtu anakuja na kikombe chake. Ni mambo ya afya. Kata ipumzike. Hakuna atakayetajwa jina, hakuna atakayeumizwa."

Walinishika mikono kwa furaha. Victoria alinibusu shavuni. Tuliposhuka tulimkuta Bibi Eliona kwenye njia ya kwake, amekaa juu ya jiwe anapumzisha goti, nikamsalimia shikamoo nikamweleza mpango. Alianza kulisugua goti.

"Mwalimu," akauliza, "wewe umewahi kuingia nyumba ya mtu na kikombe chako mkononi?"

"Bibi, siku hizi mambo yamebadilika."

"Aa. Yamebadilika," akasema, akaendelea kusugua goti lake.

Jumatatu, saa ya mapumziko, Yuditha alikuja shuleni. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu, ameshikilia fremu. Walimu wenzangu wawili walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nje.

"Habari za kazi, mwalimu?"

"Nzuri, Mama Kindness. Karibu ukae."

Hakukaa. "Alhamisi mtakuja?"

"Kwa nini tusije?"

"Mimi nimekuuliza, usiniulize." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Mwalimu, mimi mwaka siumalizi. Usinitazame hivyo, mwili ni wangu, naujua. Ndugu zake Efraimu wanataka kihamba, mtoto hawamtaki. Kilema mama yangu alishakufa. Nimetafuta kila upande mtu wa kumwachia Kindness, nimewakuta nyinyi sita. Alhamisi mkila kwangu na mkinywa, nikifa atakula kwenu, hakuna wa kumwuliza. Msipokula, ametoka. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Nilikuwa nimewafundisha kweli. Siku ya kwanza ya kikoa, kwa kujionyesha, nilikuwa nimewaeleza yote aliyoniambia yule mpishi wa Tanga.

Nilitaka kumwambia tutakuja, tutakunywa, mtoto ni wetu. Badala yake macho yangu yalikwenda midomoni mwake. Ilikuwa imepasuka pembeni, na kwenye pasuko moja kulikuwa na damu mbichi kidogo. Mungu anisamehe, nilisukuma kiti nyuma. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, ikasikika chumba kizima.

Yuditha alikitazama kiti, si mimi.

"Vikombe leteni," akasema. "Nimeshasikia. Leteni tu."

Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri. Nilifunga kikombe changu cha bati ndani ya kitenge nikakikumbatia. Njiani nilisimama mara mbili nikiwa nimeamua kurudi, na mara mbili nikaogopa kwamba wengine watakwenda halafu mimi ndiye nitakayesemwa. Ndicho kilichonifikisha. Nilifika nikawakuta wote wameshafika, na nadhani walifikishwa na hicho hicho.

Yuditha alikuwa amepika kana kwamba anaoza binti. Mtori mzito, ndizi na nyama, wali wa mchele wa Chekereni. Kindness, sasa miaka tisa, mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, alituletea maji ya kunawa akiwa amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Tulikula. Sijui tulikula nini hasa, maana kila tonge nililikagua kabla ya kulimeza, nikaona na wenzangu wanakagua. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu 1989 hakuna aliyelalamikia chumvi.

Kisha tukatoa vikombe. Kimoja kutoka kwenye kikapu, kingine kutoka kifuani, vya bati, vya plastiki, kimoja cha udongo chenye maua. Nilipokiweka changu juu ya goti ndipo nilipoona tulichofanya. Bibi Eliona peke yake alikuwa mikono mitupu. Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake na chombo chake cha kunywea. Maana yake ni moja tu, na ni ya zamani kuliko ugonjwa wowote: vyombo vyako vina sumu, wewe ni muuaji. Tulikuwa tumekwepa kumwambia mgonjwa kwamba ni mgonjwa, tukaenda kumwambia jirani kwamba ni mchawi. Na ujanja huo ulikuwa wangu, nikapigwa busu kwa ajili yake.

Nilitamani kukirudisha kwenye kitenge. Kilibaki gotini.

Yuditha alikuwa amesimama kando ya pipa la mbege, kata mkononi. Alivitazama vikombe kimoja kimoja, polepole, mpaka akafika kwangu.

"Nikionja hamtakunywa," akasema. "Nisipoonja hamtakunywa. Mmenifunga pande zote, wenzangu. Nimelala siku tatu nikitafuta upenyo."

Victoria alianza kulia bila sauti.

"Kwa hiyo mimi leo sionji. Hii si zamu yangu tena, mimi zamu yangu imekwisha. Kindness, njoo hapa."

Mtoto akaja. Kwetu mtoto kuonja mbege si ajabu, lakini mtoto kuonja kama mwenye nyumba, mbele ya watu wazima, hilo sikuwa nimeliona. Yuditha alimpa kata.

"Huyu ndiye mwenyeji wenu. Zamu ya nyumba hii ni yake kuanzia leo. Mkikataa, mkataeni yeye, na mumwambie usoni, maana ana masikio."

Kindness alichota, akaonja, akameza. Koo lake jembamba lilipanda na kushuka. Kisha akamtazama mama yake kuuliza ampe nani. Bibi Eliona alikuwa tayari amenyoosha mkono, kama mkubwa wa pale, na ningetoa chochote nilicho nacho kata iende kwake kwanza.

"Mpe mwalimu," Yuditha akasema. "Neno ni lake."

Mtoto akaja kwangu, kata mikono miwili, anatembea kwa uangalifu asimwage. Alipiga goti kidogo kama anavyofanya akiniletea madaftari. Nikakiweka kikombe changu chini ya benchi. Nikapokea. Kichwani mwangu kelele zilikuwa nyingi: jino, kitanda cha Filemon, watoto wangu, zile karatasi za wilayani, na lile swali ambalo hakuna kati yetu aliyethubutu hata kulinong'ona. Na mtoto je? Nani alimpima mtoto?

Nikainua kata nikajaza mdomo. Ilikuwa mbege nzuri, iliyoiva sawasawa, na ilipogusa shimo la jino ikachoma kama pilipili. Nikateremsha kata. Nikatabasamu, midomo imefungwa.

Wote wakashusha pumzi. Victoria alifuta machozi akanyoosha mkono apokee. Mimi nilikuwa napima mlango kwa macho. Hatua nne, kisha mgomba wa kwanza, ningesema ninakwenda haja, ningetema, mvua ingesafisha, hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Nilianza kunyanyuka.

Yuditha hakuwa ameshusha pumzi. Alikuwa ananitazama shingoni. Akaja hadi mbele yangu, akainama, uso wake karibu na wangu kuliko mtu yeyote alivyokuwa ameuweka karibu naye kwa miezi mitano.

"Mwalimu," akasema taratibu, kama ninavyowaambia watoto wa darasa la kwanza siku ya vidonge vya minyoo. "Meza."

Kindness alikuwa bado amepiga goti, ananitazama na yeye.

Nikameza.

Niliisikia ikishuka yote. Niliogopa ikishuka, niliogopa ilipokwisha kushuka, na niliendelea kuogopa kwa zaidi ya mwaka, nikijipapasa shingo kila asubuhi. Asikudanganye mtu kwamba ukitenda jambo jema hofu inaaga. Nikampa Victoria kata. Alilitazama koo langu kwanza, kisha akanywa, na aliyemfuata akalitazama koo lake. Wa mwisho alikuwa Bibi Eliona. Alikunywa hadi tone la mwisho, akamrudishia Kindness kata, akamwambia, "Aika, mwenye nyumba."

Filemon alihamia chumba cha watoto kwa miezi mitatu, na sikumbembeleza.

Yuditha alikufa mwezi wa Septemba. Shemeji zake walikichukua kihamba kama alivyosema, wakamweka Kindness kwenye chumba cha nyuma. Jumanne baada ya maziko, mchana, tulikuwa tumekaa mezani, mimi na watoto wangu na Filemon, mtu akagonga. Alikuwa peke yake, ana sare ya shule, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nimekuja kula."

Filemon aliacha kutafuna. Watoto wangu wakanitazama. Nikasogea kwenye benchi, nikampa nafasi kati yangu na mume wangu, nikampakulia.